Kamera Ina Pazia

Ilikuwa saa sita na nusu usiku, nimeshavua viatu, chai imepoa mezani. Picha ilikuwa imejaa skrini ya kompyuta: njia ya bustani inapinda kushoto, taa tatu zinafuatana, na mti mmoja mkubwa umemulikwa kutoka chini hadi ukaonekana kama umekatwa kwenye karatasi. Nilikuwa nimeridhika nayo. Kilichonikera ni kona ya kushoto tu, ilikuwa nyeusi mno. Nikashika kitelezi cha vivuli, nikakisukuma kulia.

Kwanza yakatokea majani. Kisha mgongo wa benchi. Kisha mtu.

Amekaa katikati ya benchi, begi liko chini mbele yake, mikono ameilaza magotini. Kiatu kimoja amekivua na kukiweka kando, na ule mguu mtupu ameupumzisha juu ya begi, vidole vimekunjwa kidogo, kama afanyavyo mtu aliyetembea tangu asubuhi. Uso ameuelekeza kwenye kamera.

Nilisimama pale karibu saa nzima, hatua kama ishirini kutoka kwake.

Sikumwona.

Wiki ya sita hii. Picha sijaipeleka popote, na kila nikitaka kuandika juu ya jambo lingine, mguu ule unanirudia.

## Sekunde thelathini

Kupiga picha usiku ni kazi ya kungoja. Mwanga ni haba, kwa hiyo unaukinga taratibu kama mtu aliyeweka ndoo chini ya bomba linalodondosha tone moja moja. Usiku ule kamera ilikuwa juu ya miguu yake mitatu, tundu la lenzi kwenye f/8, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, na muda wa sekunde 30. Ningeweza kupandisha ISO nikamaliza haraka, lakini picha ingejaa chenga, na mimi chenga kwenye anga jeusi huniudhi kama mchanga ndani ya soksi. Wenye simu mpya wananicheka. Simu zao hupiga picha nyingi za haraka haraka, zikazishona zikawa moja, na mtu hajatembea hata na stendi. Sawa. Mimi napenda kungoja.

Brassaï, aliyezunguka Paris usiku na kamera yake katika miaka ya 1930, alikuwa akipima muda kwa sigara: sigara ya aina moja kwa mwanga wa namna hii, nyingine nene zaidi pale penye giza zaidi. Mimi sivuti. Nahesabu kimoyomoyo, na mara nyingi nafika 30 kabla ya kamera.

Halafu kamera yangu ina tabia inayowachosha wenye pupa. Sekunde 30 zikiisha haikupi picha. Inafunga pazia lake na kuanza kupiga nyingine ya sekunde 30, giza tupu. Sababu ni kwamba kihisi kikikaa wazi muda mrefu hupata joto na kujitungia vinukta vyekundu na vya buluu ambavyo havikuwepo bustanini. Kwa hiyo inajipiga picha yenyewe ikiwa imefumba, inaona vinukta vile vimekaa wapi, kisha inavitoa kwenye picha ya kwanza. Inapima uongo wake ili iukate. Kwa picha moja, basi, unasimama dakika nzima.

Katika dakika hizo mtu hufanya nini? Mimi nilikuwa natazama skrini. Nakuza taa nione kama haijaungua kwa weupe, nakuza majani nione kama upepo umeyatikisa, nafuta, napiga tena.

Mlinzi alipita mara mbili. Mara ya pili akasimama nyuma yangu.

"Kijana, mbona unapiga picha giza?"

"Napiga taa, mzee."

Akaitazama taa. Akanitazama mimi. Akaenda zake, na sasa najiuliza kama alikuwa ananiambia kitu.

## Njano isiyofutika

Niseme ukweli, kilichonipeleka bustani ile ni rangi. Upande wa mbele wameshaweka taa za LED, nyeupe za kuchoma macho. Upande wa nyuma, karibu na lango dogo, zimebaki taa chache za zamani za sodiamu, zile zenye njano ya yai. Nilitaka kuzipata zote mbili kwenye fremu moja kabla za nyuma hazijang'olewa.

Ikanishinda kwa wiki nyingi.

Taa ya sodiamu ya aina ile kongwe, yenye shinikizo la chini, hutoa mwanga wa karibu rangi moja tu, kwenye nanomita 589 hivi. Hakuna nyekundu ndani yake, hakuna buluu, hakuna kijani. Chini yake ua jekundu lilitoka kwenye picha likiwa na rangi ya tope. Nilijaribu kila mizani ya weupe niliyoijua, ile inayorekebisha rangi za picha kulingana na taa, nikahangaika na faili ghafi, picha kabla haijapikwa na kamera, hadi usingizi ukanikimbia, nikaambulia tope la kahawia au tope la kijivu. Haikuwa kosa la kamera. Ua halitoi rangi mfukoni mwake. Linarudisha ile iliyoletwa na taa, na taa haikuleta nyekundu.

LED nayo ina vituko vyake. Nyingi ni chipu ya buluu, kilele chake karibu nanomita 450, iliyofunikwa unga unaogeuza sehemu ya buluu ile kuwa njano, na jicho likichanganya linaona nyeupe. Ukiirekebisha picha ili njia ya mbele ionekane ya kawaida, lango la nyuma linawaka kama jiko la mkaa. Ukirekebisha lango, njia ya mbele inaganda, buluu ya barafu. Huwezi kuwaridhisha wote wawili. Kuna usiku nilikimbilia nyeusi na nyeupe kwa hasira tu, na nakiri kwamba wapiga picha wengi wa usiku tuna picha za nyeusi na nyeupe ambazo zilizaliwa na kushindwa, tukaziita sanaa.

Kilichonitatiza zaidi ni kwamba hata mimi mwenyewe sikujua rangi ya kweli ni ipi. Jan Purkyně, mwanasayansi wa Bohemia (sehemu ya Ucheki ya leo), aliliona jambo hili mwanzoni mwa karne ya 19: maua mekundu yaliyowaka mchana huwa ya kwanza kuwa meusi mwanga ukififia, wakati majani ya kijani bado yanaonekana vizuri. Jicho la usiku si jicho la mchana. Linabadilisha seli zinazofanya kazi, na zile za gizani ni karibu vipofu kwa nyekundu. Basi nikisema nataka picha "kama nilivyoona", nimeona kwa jicho lipi?

Nilidhani swali langu lote ni hilo.

## Aliyetulia

Turudi kwenye ile picha. Saa ile bustani haikuwa tupu. Nakumbuka vijana wanne waliopita wakicheka, nakumbuka mama mmoja na mbwa, nakumbuka mkimbiaji aliyekatiza mbele ya lenzi na kuniomba radhi. Kwenye picha hayupo hata mmoja. Kilichobaki cha vijana ni uzi mwembamba wa mwanga kwenye usawa wa kifua, nadhani simu ya mmoja wao.

Hesabu yake ni nyepesi. Mtu anayetembea mwendo wa kawaida huvuka upana wa mwili wake chini ya nusu sekunde. Kwenye picha ya sekunde 30, kila sehemu ya njia inamwona kwa chini ya sehemu moja ya sitini ya muda wote. Muda wote uliobaki inaona lami. Lami inashinda. Watu huitumia mbinu hii makusudi ili kufuta umati mbele ya majengo, nami nimeitumia mara nyingi bila kujiuliza lolote.

Mwaka 1838, Louis Daguerre aliielekeza kamera yake kwenye Boulevard du Temple, Paris, kutoka dirisha la juu. Ilikuwa barabara yenye pilikapilika, lakini picha ilihitaji dakika kadhaa, na magari ya farasi na watu wote wakayeyuka. Barabara ikatoka tupu kama mji uliohamwa. Isipokuwa pembeni chini, mtu mmoja amesimama, mguu ameuinua, anang'arishiwa kiatu, na mng'arishaji mwenyewe ni doa tu mbele yake. Huyo ndiye anayetajwa kuwa mtu wa kwanza kabisa kuonekana kwenye picha. Hakuombwa. Jina lake halijulikani. Alichofanya ni kusimama mahali pamoja kwa sababu ya kiatu.

Nilikuwa naijua picha ile kwa miaka. Nimeshawasimulia watu kama kichekesho. Safari hii nilipoitazama tena niliifunga baada ya muda mfupi.

Maana hicho ndicho kamera ya usiku inachochagua. Mwenye mahali pa kwenda inamfuta. Aliyechoka, aliyelala, aliyekaa kwa sababu hana kwingine, aliyetulia ili asionekane, huyo inamchora kwa uangalifu wote. Kila sekunde anayoongeza ya kutulia inamwongezea sura. Mtu wangu wa benchi alitulia sekunde 30 nzima, na nilipokuza uso wake ulikuwa mkali kuliko majani ya mti.

## Nani alikuwa kipofu

Hili ndilo lililonikaa rohoni zaidi: mbona sikumwona?

Mwanzo nilijitetea kwamba kulikuwa na giza. Halafu nikaanza kukumbuka nilivyosimama. Jicho linahitaji karibu nusu saa kuzoea giza sawasawa, na linapoteza mazoea hayo kwa kutazama mwanga mkali kwa muda mfupi tu. Mimi kila dakika nilikuwa na skrini usoni. Halafu nilikuwa nimesimama karibu kabisa na nguzo ya taa ili niweze kuona vitufe. Taa ya LED isiyo na kofia humwaga mwanga wake kwenye macho yako sawasawa na unavyomwagika njiani, na mboni ikishajikaza kwa ajili ya taa, kila kilicho nje ya duara la taa kinakuwa ukuta.

Kabla sijaanza kupiga picha usiku niliamini taa inapunguza giza. Bustani imenifundisha kwamba inalihamisha. Pale penye nguzo pana mwanga wa kusomea gazeti, na hatua kumi kutoka hapo pana giza ambalo machoni ni zito kuliko ambalo lingekuwepo kama nguzo isingekuwepo.

Na yeye alikuwa ndani ya giza hilo, macho yake yameshazoea, hana skrini. Aliniona nikifunga stendi. Aliniona nikiinama, nikifuta lenzi kwa fulana, nikiongea peke yangu (huwa naongea peke yangu). Pengine alimsikia mlinzi. Kwa saa nzima mimi ndiye niliyekuwa jukwaani.

Ningependa hilo linipe ahueni, kwamba tulitoka sare. Halinipi. Mimi niliondoka na uso wake kwenye kadi ya kumbukumbu, na yeye hajui kwamba kuna kitelezi kinachoweza kumtoa gizani. Nilisukuma vivuli hatua tatu, yaani mara nane ya mwanga uliokuwepo. Aliichagua ile sehemu nyeusi. Mabenchi yaliyokuwa chini ya taa yalikuwa matupu yote.

Huwa tunasema macho hayana pazia, hasa tunapojitetea kwa kutazama tusichotakiwa kutazama. Lakini kamera inalo. Liko ndani yake, linafunguka nikibonyeza mimi na kufungwa kwa muda niliouweka mimi. Utetezi ule haunifai.

## Tochi za Tokyo

Rafiki niliyemwonyesha tatizo langu (picha sikumwonyesha) alinikumbusha habari ya Kohei Yoshiyuki, mpiga picha wa Japani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 huyu alikuwa akiingia usiku kwenye bustani za Tokyo, Shinjuku na Yoyogi, akiwa na filamu ya infraredi na fleshi isiyoonekana kwa macho, akawapiga picha wapenzi waliojificha vichakani, pamoja na wanaume waliokuwa wakiwanyatia kuwachungulia. Mwaka 1979 alizionyesha. Picha zilikuwa kubwa kama watu wenyewe, ukumbi ukazimwa taa, na kila mgeni akapewa tochi.

Rafiki yangu anaona ule ukumbi ni werevu mkubwa, kwa kuwa mtazamaji anageuzwa mchunguliaji na hawezi kujifanya msafi. Huenda ni kweli. Mimi nabaki nawafikiria wale wapenzi ambao walikwenda vichakani kwa sababu hapakuwa na mahali pengine, na wakaishia ukutani, wanamulikwa kwa zamu. Werevu wa mpiga picha haukuwafunika hata kidogo.

Jambo moja lakini namkubalia Yoshiyuki: alijua anachokifanya. Mimi ndiye niliyeingia bustanini nikidhani napiga picha nguzo za taa.

## Kurudi

Picha niliifanyia hivi. Nilirudisha kitelezi mahali pake, kisha nikakisukuma upande wa pili, kona ikawa nyeusi zaidi ya ilivyotoka kwenye kamera. Benchi likatoweka. Kwa jicho la mpiga picha ni kosa, kona nzima imekufa, na mwenye kuijua kazi atasema sijui kuhariri. Hata hivyo faili ghafi bado ninalo, na yeye yumo ndani yake. Nimemfunika, sijamwondoa. Mara mbili nimeweka kidole kwenye kufuta nikakiondoa, na sababu ninayojipa, kwamba ile ndiyo picha pekee niliyonayo ya taa za zamani na mpya kwa pamoja, siiamini hata mimi.

Juzi nilirudi. Zile za sodiamu zimeng'olewa tayari, lango la nyuma sasa ni jeupe kama mengine. Nikapita nguzo niliyosimama siku ile, nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye benchi. Lilikuwa tupu. Nikakaa katikati, kamera imezimwa mapajani.

Dakika tano za kwanza sikuona kitu zaidi ya taa. Baada ya kumi hivi nikaanza kuona ukingo wa njia, kisha mizizi ya ule mti, kisha paka aliyekuwa amejilaza mita mbili kutoka kwangu muda wote. Baada ya nusu saa bustani nzima ilikuwa wazi, ya kijivu, haina rangi, lakini wazi. Chini ya nguzo kila kitu kilionekana mpaka vifungo vya shati. Mtu mmoja alisimama pale akajitazama kwenye kioo cha simu, akakunja uso, akajaribu tabasamu, akakunja tena. Mwingine akafunga kamba za viatu huku akiimba kwa sauti ambayo nadhani huwa haimbi mbele za watu. Nikatazama pembeni, nikashangaa ni vigumu kiasi gani kutazama pembeni ukiwa upande wa giza.

Mwishowe nikaiweka kamera kwenye mkono wa benchi, nikaielekeza juu, kwenye matawi tu, nikafunika skrini kwa kiganja. f/8, ISO 100, sekunde 30. Nikahesabu. Pazia likafungwa, kamera ikaanza kupiga giza lake.

Hapo akatokea kijana na stendi begani. Akasimama chini ya nguzo ile ile, akafungua miguu mitatu, akawasha skrini, uso wake ukawa wa buluu. Akatazama upande wangu kwa muda, kwa makini, kama anayepima fremu.

Nikavuta miguu chini ya benchi, kisha nikainuka, ili atakapobonyeza anikute natembea.